Kiapo cha Askari: Je, Aliapa Kumtumikia Nani?

Ifuatayo ni mada tuliyoitoa kwenye semina ya siku mbili iliyowakutanisha viongozi wa dini, wanakamati wa polisi jamii, wazee wa Nyumba Kumi, vijana na maafisa wachache wa polisi waliokubali mwaliko wetu. Tunaichapisha kwa ombi la washiriki wengi waliotaka kuisoma tena nyumbani na katika vikundi vyao.



Tungependa kuanza na swali ambalo hatukulitunga sisi. Tuliulizwa na askari mmoja kijana, baada ya mkutano kama huu, watu wakiwa wamesimama na vikombe vya chai. Alingoja wenzake wasogee, kisha akasema hivi: "Mmetueleza habari za haki za binadamu, nami nimesikia. Lakini siku mkubwa wangu atakaponiambia nifyatue risasi, na mimi naona wazi kwamba wale watu hawana silaha, nifanye nini? Nina mke na watoto wawili, na nyumba ninayolala ni ya serikali."

Tukubali mbele yenu kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia aombe Mungu. Si neno baya, lakini tulilisema ili tupate kuondoka. Mada ya leo ni jaribio letu la kumjibu vizuri zaidi.

Kiapo ni nini?

Lugha yetu ya Kiswahili ina msemo wa ajabu kidogo. Hatusemi mtu ametamka kiapo tu, bali tunasema amekula kiapo, au amekula yamini. Kitu kikiliwa hakibaki mkononi, kwamba ukichoka nacho utakiweka chini. Kimeingia tumboni, kimekuwa damu na nyama. Ndiyo maana wazee wetu waliogopa viapo kuliko walivyoogopa rungu. Wakamba walikuwa na kithitu, na mtu aliyeapa uongo mbele ya kithitu aliaminiwa kuleta msiba juu ya jamaa yake yote. Jamii nyingine nazo zilikuwa na viapo vyao. Hatusemi haya ili kurudisha mila hizo. Tunataka kuonyesha kwamba hakuna jamii hapa kwetu iliyofikiri kiapo ni maneno matupu ya sherehe.

Dini zetu pia zinafundisha hivyo. Biblia inaonya kwamba ni afadhali mtu asiweke nadhiri kuliko kuiweka na asiitimize. Kurani inawaamuru waumini watimize ahadi zao. Wako pia ndugu zetu ambao hawaapi kabisa, kwa kuwa wanafuata mafundisho ya Yesu katika Mathayo sura ya 5, kwamba ndiyo yako iwe ndiyo. Marafiki, wanaoitwa pia Quaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902, ni miongoni mwao. Sheria ya Kenya inawaheshimu: anayeapa huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na asiyeapa huthibitisha kwa dhati. Uzito ni ule ule. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema dini yake imemwondolea mzigo huo.

Sasa tujiulize jambo la msingi. Askari anaposimama kwenye gwaride la kuhitimu, Kiganjo au kwingineko, na kuinua mkono wake, huwa anamwahidi nani?

Kutoka kwa mfalme hadi kwa wananchi

Wakati wa ukoloni jibu lilikuwa rahisi. Askari alikula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza, na baadaye kwa malkia. Kazi yake haikuwa kumlinda mwananchi. Alikuwa akisaidia kukusanya kodi, akiwakagua watu kipande, akilinda mashamba ya walowezi. Wazee wetu walipoona kofia ya askari walikimbilia kichakani, nao walikuwa na sababu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini mazoea mengi yalibaki kama yalivyokuwa. Mkuu wa polisi aliteuliwa na Rais, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda aliweza kuondolewa na Rais. Katika hali hiyo askari wengi walijifunza kwamba utii kwa nchi ni utii kwa mtu aliye juu. Wenye umri wetu mnakumbuka mikutano iliyovunjwa kwa virungu, na watu waliochukuliwa usiku.

Kisha yakaja machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa ripoti yake Oktoba 2008. Ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Ndugu zetu, majirani waliopigana kwa mapanga na mishale hawakuwa na bunduki nyingi. Ripoti hiyo ilieleza kwa kirefu jinsi polisi walivyotumia risasi, na pia jinsi mahali pengine maafisa walivyosimama kando wakitazama kwa sababu waliochomewa nyumba hawakuwa wa kabila lao. Mwaka 2009 jopo jingine, chini ya Jaji mstaafu Philip Ransley, lilipendekeza mageuzi makubwa ya polisi.

Machozi hayo ni sehemu ya sababu ya sisi kuwa na Katiba mpya. Tuliipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, na ikazinduliwa tarehe 27 Agosti mwaka huo katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kifungu chake cha 1 kinasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya. Si ya Rais, si ya Bunge, si ya Inspekta Jenerali. Hao wote wameazimwa tu.

Basi kiapo cha askari nacho kilipata mwenyewe mpya. Afisa wa polisi wa Kenya anaahidi kuilinda na kuitetea Katiba pamoja na sheria za nchi. Mfalme hayumo tena, na chama hakimo. Mkubwa wake kazini hamiliki kiapo chake. Wote wawili, mkubwa na mdogo, wamekula kiapo kimoja.

Katiba inamwagiza askari nini?

Wengi wetu tunaitaja Katiba kila siku, lakini hatujafungua sura ya 14 inayohusu usalama wa taifa. Tutaje machache.

Kwanza, Kifungu cha 238 kinasema usalama wa taifa utafutwe kwa kufuata sheria, na kwa kuheshimu kikamilifu utawala wa sheria, demokrasia na haki za binadamu. Maana yake ni kwamba hatuwezi kusema, "Tuweke haki kando kwanza, tulete usalama."

Pili, Kifungu cha 239 kinakataza vyombo vya usalama kupendelea upande wa kisiasa, kuendeleza maslahi ya chama chochote, au kudhuru msimamo wa kisiasa ulio halali.

Tatu, Kifungu cha 244 kinawataka polisi wawe na weledi na nidhamu ya juu, wazuie ufisadi, wafuate viwango vya haki za binadamu vya Katiba, na wajenge uhusiano mwema na jamii.

Nne, Kifungu cha 245 kinamlinda Inspekta Jenerali mwenyewe. Anapendekezwa na Rais lakini lazima aidhinishwe na Bunge, naye anahudumu muhula mmoja wa miaka minne. Waziri anaweza kumpa maelekezo ya sera, tena kwa maandishi. Lakini hakuna mtu, awe waziri au mwingine yeyote, anayeruhusiwa kumwelekeza achunguze kosa fulani au amchukulie hatua mtu fulani.

Tano, kuna haki za mtu aliyekamatwa katika Kifungu cha 49. Aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Anayo haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, na zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi siku ya mahakama inayofuata. Na Kifungu cha 25 kinasema kwamba uhuru wa kutoteswa hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile.

Askari anayemwambia mshukiwa sababu ya kumkamata hamfanyii hisani. Anatimiza kiapo chake. Na yule anayemfungia kijana siku nne bila kumfikisha mahakamani amevunja kiapo, hata kama kijana huyo kweli ni mwizi.

"Mimi natumwa tu"

Sasa tufike kwenye swali la yule kijana. Askari wengi tunaozungumza nao husema, "Mimi natumwa tu." Na sisi Waswahili tuna methali inayoonekana kuwaunga mkono: mjumbe hauawi.

Lakini tuitafakari methali hiyo. Mjumbe hauawi kwa sababu amebeba maneno ya mwenzake. Aliyebeba bunduki hakubeba maneno. Kidole kinachovuta ni chake mwenyewe.

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 imelieleza jambo hili waziwazi. Inamtaka afisa atii amri halali. Katika Jedwali lake la Sita, linalohusu matumizi ya nguvu na silaha, inasema kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Jedwali hilo hilo linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na kama nguvu ni lazima, iwe kwa kiasi kinacholingana na kosa na hatari iliyopo. Afisa aliyevaa sare lazima jina lake au namba yake ya kazi ionekane. Kifo au jeraha kubwa lazima viripotiwe. Bunduki ni ya kutumiwa pale njia nyingine zinaposhindwa, hasa kuokoa maisha yaliyo hatarini, na onyo litangulie.

Dunia nzima imekwisha kujifunza somo hili kwa gharama kubwa. Katika kesi za Nuremberg baada ya Vita Kuu ya Pili, wakubwa wa utawala wa Hitler walioshtakiwa hawakuachiliwa kwa kusema walitumwa. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za msingi juu ya matumizi ya nguvu na silaha, nazo zinasema kwamba afisa anayekataa amri haramu ya kutumia nguvu asiadhibiwe kwa kukataa kwake.

Na kwa sisi tunaosoma Biblia, somo ni la zamani zaidi. Katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari za wakunga wawili, Shifra na Pua. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Farao alikuwa serikali. Wale mama walikuwa watumishi wadogo sana. Nao hawakutii, kwa kuwa walimcha Mungu. Jina la Farao yule halikuandikwa katika sura hiyo. Majina ya wakunga yameandikwa.

Hapa kwetu vitabu vya mahakama vinaonyesha kiapo kinapovunjwa huleta nini. Mwezi Juni 2016 wakili mmoja wa haki za binadamu, mteja wake aliyekuwa mwendesha bodaboda, na dereva wao wa teksi walitoweka wakitoka mahakamani. Mwendesha bodaboda huyo alikuwa amemlalamikia afisa wa polisi aliyempiga risasi. Miili yao ilipatikana mtoni. Mwezi Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja mpasha habari. Mwezi Februari 2023 afisa mmoja alihukumiwa kifo, wengine wawili miaka 30 na 24 gerezani, na yule raia miaka 20.

Kisumu, mwezi Agosti 2017, mtoto wa miezi sita alipigwa akiwa nyumbani kwa wazazi wake wakati polisi walipokuwa wakisaka waandamanaji nyumba hadi nyumba. Akafa. Mwaka 2019 hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo hicho aliona kwamba polisi walihusika. Mtoto wa miezi sita alikuwa ametishia usalama wa nani?

Tarehe 25 Juni 2024 vijana walijitokeza nchi nzima kupinga Mswada wa Fedha, na baadhi wakaingia Bungeni. Makumi ya watu waliuawa katika wiki hizo. Mwezi Juni 2025 mwalimu kijana aliyekamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni alifia katika kituo cha polisi Nairobi. Kwanza wananchi waliambiwa amejigonga ukutani. Madaktari waliochunguza mwili walisema vingine, na maafisa wa polisi ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji. Wiki chache baadaye tulisikia viongozi wa serikali wakizungumza hadharani habari za kuwapiga watu risasi.

Ndugu maafande, kiongozi anapozungumza jukwaani, maneno yake huisha na upepo. Mahakamani atasimamishwa aliyefyatua. Tunawaambia haya kama wazazi wenu, si kama adui zenu.

Je, kila askari achague amri ya kutii?

Hapa mzee mmoja aliwahi kutuuliza, na swali lake lilikuwa la haki: "Mkiwafundisha askari kukataa amri, si mtaleta vurugu? Jeshi bila nidhamu ni genge."

Ni kweli, na lazima tuwe waangalifu. Marekani ilitupa mfano. Katiba ya nchi ile, katika Kifungu cha 6, inawataka maafisa wa serikali kuu na wa majimbo wafungwe na kiapo cha kuiunga mkono Katiba. Mwaka 2009 likaundwa kundi lililojiita Oath Keepers, maana yake watunza viapo. Lilivuta watu waliowahi kuwa polisi na wanajeshi, na hata wengine waliokuwa bado kazini, likidai kwamba kiapo chao kinawapa haki ya kuamua wenyewe lini serikali imevunja Katiba. Tarehe 6 Januari 2021 baadhi yao walikuwa miongoni mwa waliovamia jengo la Bunge huko Washington. Kiongozi wao alihukumiwa miaka 18 kwa njama ya uasi mwaka 2023, ingawa Januari 2025 kifungo chake kilifupishwa na Rais Donald Trump naye akatoka. Lakini kumbukeni kwamba polisi waliosimama mlangoni siku ile wakipigwa, wakiwalinda wabunge wa vyama vyote, nao walikuwa wamekula kiapo cha kuilinda Katiba ile ile.

Tofauti ya makundi hayo mawili ni nini? Kundi moja lilichukua kiapo likajifanya hakimu. Jingine lilikaa ndani ya kazi yake. Kiapo hakimpi askari ruhusa ya kuwa mwanasiasa mwenye bunduki. Hakimpi ruhusa ya kuamua nani atawale, wala kukataa kwenda zamu kwa sababu haipendi serikali. Kutafsiri Katiba ni kazi ya mahakama. Anachodaiwa askari ni kidogo na ni wazi zaidi: asiue asiyestahili kuuawa, asitese, asimtungie mtu kesi, asimfungie bila sheria, asitumike na chama. Haya hayahitaji shahada ya sheria. Mama yake alimfundisha kabla hajajua kusoma.

Yohana Mbatizaji aliulizwa na askari wa zamani zile wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao. Hadi leo hatujaona mtaala wa polisi ulioyasema hayo kwa maneno machache zaidi.

Na sisi je?

Tungeishia hapo mngetupigia makofi, maana ni rahisi kuwasema polisi. Lakini Kifungu cha 3 cha Katiba kinasema kila mtu ana wajibu wa kuiheshimu, kuidumisha na kuitetea Katiba. Kila mtu. Kwa hiyo na tujichunguze.

Nani hapa hajasikia habari za familia iliyouza ng'ombe, au kipande cha shamba, ili kijana wao apate nafasi siku ya kuandikisha makurutu? Tunalisema kana kwamba ni ujanja. Lakini kijana huyo anaanza kazi akiwa na deni. Ahadi ni deni, ndiyo, ila yeye ana deni jingine la kulipa kwanza, na atalilipa barabarani kwa pesa za wenye matatu na bodaboda. Kiapo chake tulikivunja sisi nyumbani kabla hajakila.

Sisi wenyewe wa mradi huu hatuna mikono safi. Wakati mmoja gari letu lilisimamishwa likiwa na taa mbovu, nasi tulikuwa tumechelewa kwenye mkutano, tena mkutano wa utawala bora. Dereva alitoa kitu kidogo, sisi tukatazama dirishani. Tulifika kwa wakati, tukafundisha juu ya ufisadi. Tunawaomba radhi.

Tena, ni nani wanaomchoma moto kijana aliyedhaniwa ameiba kuku? Mara nyingi si polisi. Ni sisi. Mara nyingine ni askari anayefika na kumtoa mtu huyo mikononi mwetu akiwa bado anapumua. Siku hiyo askari ndiye aliyeitetea Katiba, nasi ndio tuliokuwa tukiivunja.

Hali kadhalika, tujue askari anavyoishi. Mwezi Novemba 2012 zaidi ya maafisa 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipotumwa kuwafuata wezi wa mifugo. Walikuwa watoto wa watu. Mwishoni mwa mwaka 2022 iliteuliwa kamati chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kuchunguza hali ya kazi ya maafisa wa polisi na magereza, nayo ilikabidhi ripoti yake Novemba 2023. Haikuundwa bure. Askari anayelala katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia na familia nyingine, akitukanwa mchana na kuamrishwa usiku, ni vigumu akumbuke alichoapa. Hatusemi hivyo kumhalalishia ubaya. Tunasema ili tujue pa kuanzia.

Mambo tunayopendekeza

Mkirudi nyumbani, tunaomba kila kikundi kijaribu haya:

1. Someni pamoja Kifungu cha 49 na sura ya 14 ya Katiba. Ipo tafsiri ya Kiswahili. Mwalikeni afande wa kituo chenu asome nanyi, si kusomewa.

2. Mtu wenu akikamatwa, nendeni kituoni wawili au watatu kwa adabu. Ulizeni kosa lake, jina la afisa aliyemkamata, na kama ameandikwa katika kitabu cha matukio. Andikeni saa. Mkitoa fedha za dhamana, dai risiti. Fomu ya P3 ni bure.

3. Haki ikivunjwa, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi (IPOA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki zake au za mwenzake, na hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo.

4. Familia isitoe hata shilingi moja kumnunulia kijana kazi ya polisi. Viongozi wa dini walisemee jambo hili madhabahuni na kwenye mimbari, kabla ya siku ya kuandikisha, si baada yake.

5. Watembeleeni askari katika nyumba zao. Tunawatembelea wagonjwa na wafungwa. Ni mara ngapi tumemtembelea askari bila kuwa na shida naye?

6. Afisa akitenda jema, asemwe. Barua fupi kwa mkuu wake, yenye sahihi za wazee wa kijiji, haina gharama, na itakaa katika faili yake.

Jibu letu kwa yule kijana

Tunarudi kwa askari yule mwenye kikombe cha chai. Tulimtafuta tena baada ya miezi kadhaa, tukakaa naye. Tulimwambia hivi.

Amri halali, itii, hata kama haikupendezi. Amri usiyoielewa, omba ielezwe, mbele ya mashahidi ikiwezekana. Amri ya kumwua asiye na silaha, ya kumtesa mtu, au ya kumtungia kesi, si amri. Aliyekupa hana uwezo wa kukupa, kwa maana kiapo chake ni kile kile cha kwako. Andika tarehe, saa na aliyesema. Jina lako libaki kifuani, usilifunike.

Hatukumficha kwamba inaweza kumgharimu. Anaweza kuhamishwa mbali na watoto wake. Cheo kinaweza kupita mlangoni kwake kisiingie. Sheria iko upande wake, lakini sheria huchelewa, na uhamisho huja kesho yake asubuhi. Mtu anayemwambia askari kwamba kutunza kiapo ni jambo jepesi hajawahi kuwa askari.

Alisikiliza, halafu akauliza, "Na siku hiyo nyinyi mtakuwa wapi?"

Ndugu zetu, swali hilo si letu peke yetu. Ndiyo sababu tumewaita. Tulimjibu kwamba tukipata habari tutafika: mzee mmoja, mchungaji au imamu, na mwanakamati mmoja, tutaandika barua, tutamtafutia wakili, na watoto wake hawatalala nje tukiwa na paa. Tulijibu kwa niaba yenu kabla ya kuwauliza. Leo tunawauliza. Wangapi watakubali kuandika majina yao katika daftari hili lililo mezani?

Kwenye nembo ya polisi wa Kenya pameandikwa Utumishi kwa Wote. Ni Kiswahili safi, na kila mmoja wetu anakielewa. Wote ni pamoja na anayeandamana na anayepinga maandamano, mshukiwa na aliyeibiwa, mwenye gari na mwenye mkokoteni. Askari aliapa kutuhudumia sote. Basi naye asibaki peke yake siku atakapotimiza alichoapa.

Mungu awabariki, awalinde maafande wetu wakiwa zamu, na awarudishe salama kwa watoto wao.